Vipimo vya Mabenchi

Kamati ilinituma na futi yangu ya chuma
nikapime mabenchi ya kwaya, kumi na mawili,
yatolewe kabla ya Pasaka, viingie viti vya plastiki,
vyepesi, vinavyopangika.
Mimi si muumini wa pale. Ni fundi wa Mabatini.
Kanisa kuu nililijua kwa nje tu:
bati jekundu, na saa iliyokufa saa tisa na robo.

Ndani ni weupe mtupu.
Hakuna sanamu, hakuna picha, hata malaika wa plasta.
Chokaa. Msalaba mmoja mkavu. Ubao wa namba za nyimbo.
Na dirishani, kati ya kioo na kioo,
wadudu wa ziwani waliokufa, labda kilo nzima,
wamelundikana kama pumba za mpunga.

Nyanzobe ndiye mwenye funguo. Anafagia humu
tangu askofu wa sasa akikariri katekisimu.
Hakunionesha madhabahu. "Hiyo kila mtu anaiona."
Alinipeleka sakristia, akavuta zulia:
jabali.
Mgongo wa jabali umejitokeza sakafuni,
mweusi, wa baridi, kama kiboko aliyeibuka kuvuta pumzi.
"Walilichoma moto siku tatu, wakalimwagia maji, lipasuke.
Halikupasuka. Wakajenga juu yake.
Baba askofu hulikalia akivaa viatu."

Kisha akasema: "Sasa lala."
"Nilale?"
"Chali. Chini ya benchi la tatu, upande wa besi."

Nikalala. Sakafu ikaninyonya joto la mgongo.
Nikawasha tochi ya simu.

Samaki.

Ningu, magamba yake moja moja.
Domodomo na pua lake la kuulizia habari.
Gogogo na mwiba wake, mbete, kuyu,
na furu, furu, furu,
mwenye kichwa kipana, mwenye mdomo wa kukwangua mwani,
mwingine mwembamba kama jani la mpunga,
hakuna aliyefanana na mwenzake,
wote wakiogelea ndani ya mvule kuelekea madhabahuni,
na juu yao, miaka yote hiyo,
makalio ya waimbaji.

"Niliwaona nikikwangua bazoka za watoto,"
sauti ya Nyanzobe ilinishukia kama mtu aliye juu ya maji.
"Fundi alikuwa Mjita, Bwire. Bibi yangu alimpikia uji.
Alipoanza kuchonga, mzungu wa misheni
alimsomea amri ya pili, polepole, mara mbili.
Bwire akaitikia, ndiyo bwana.
Akageuza ubao."

Nilihama benchi hadi benchi, kwa mgongo, kama mjusi.
Nilimtafuta sangara. Nilipapasa kila kona.
Hayumo.
Alikuwa hajaletwa bado.

Mimi nimezaliwa wakati wa viwanda vya minofu.
Tumekula mapanki, tumekula vichwa, tukashukuru.
Furu nilimjua mmoja tu, wa chambo,
na kama tusi la mama kwa mtu mfupi mwenye kelele.
Hapa nimehesabu aina thelathini na nne
kabla tochi haijazimika,
na mmoja nilimhesabu kwa kidole, gizani:
kinywa wazi, na vitoto vimejaa kinywani,
kila kimoja si kikubwa kuliko punje ya ulezi.

Nikatoka na vumbi mgongoni.
Nyanzobe akanipangusa kwa kanga yake bila kusema lolote,
akarudi kwenye ndoo.

Daftari langu linasema hivi.
Urefu: futi kumi na moja, inchi nne.
Upana: inchi kumi na tatu.
Mbao: mvule.
Hali: nzima.
Fomu ya kamati ina safu moja zaidi, Mengineyo,
na hiyo nimeikodolea macho juma la pili sasa.
Katibu amepiga simu mara tatu.
Namwambia futi yangu imekatika.